Jino la kupandikiza lisilo na chuma: nani alihitaji, na nani ajisumbua bure?

Swali ninaloulizwa zaidi siku hizi, iwe ni dukani, barazani au tukivaa viatu nje ya msikiti, ni hili: "Ati kuna jino la kupandikiza lisilo na chuma?" Jibu ni ndiyo, lipo. Laundwa kwa kauri ngumu iitwayo zirkonia, ni jeupe tangu mzizi hadi juu, na hushikana na mfupa wa taya kama lile la titaniamu lililozoeleka. Lakini nyuma ya swali hilo pana jengine, nalo ndilo lililonikalisha kuandika. Je, ni busara mtu kuongeza pesa, kupanda ndege kwenda India, au kukaa miaka na pengo mdomoni, kwa sababu hataki chuma mwilini mwake?

Niseme mapema kwamba mimi si daktari wa meno. Mimi ni fundi wa maabara ya meno hapa Mombasa. Daktari ndiye anayepasua ufizi na kutoboa mfupa. Mimi hukaa nyuma, nikichonga kofia za meno, madaraja na meno ya kuvaa, kisha kazi hupelekwa kliniki ndani ya kijisanduku. Titaniamu na zirkonia hupita mikononi mwangu karibu kila wiki, na mgonjwa akichagua hii au ile, ujira wangu haubadiliki sana. Kwa hivyo simpigii debe mtu.

Kipandikizi ni mzizi, si jino

Jino lina sehemu mbili: ile tunayoionyesha tukicheka, na mzizi uliojificha ndani ya mfupa. Jino liking'olewa, mzizi huondoka nalo. Daraja la meno huziba pengo kwa kuegemea meno ya jirani, ambayo aghalabu hulazimika kusagwa kwanza. Meno ya kuvaa hukaa juu ya ufizi na kuvuliwa usiku. Kipandikizi, ambacho wengi twakiita implanti, ni mzizi mpya. Ni mfano wa skrubu ndogo, urefu kiasi cha milimita 10 na upana kiasi cha milimita 4, inayoingizwa ndani ya taya chini ya ganzi. Mfupa huachwa ukue na kuishika, kwa kawaida miezi 3 hadi 6. Baada ya hapo hufungwa kiunganishi, na juu ya kiunganishi hukaa kofia inayofanana na jino.

Zikumbuke sehemu hizo tatu: mzizi, kiunganishi na kofia. Mtu anayesema hataki chuma mara nyingi huwa afikiria moja tu kati ya hizo.

Elimu hii ilipatikana kwa bahati. Mwaka 1952, mjini Lund, Uswidi, daktari Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mfupa wa sungura unavyopona. Alitumia kifaa cha titaniamu, na alipotaka kukitoa kikagoma, kwani mfupa ulikuwa umekishika. Mwaka 1965 alimpandikizia mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson, mtu aliyezaliwa na kasoro za taya. Larsson alivitumia vipandikizi hivyo hadi alipofariki mwaka 2006, yaani miaka 40 na zaidi. Ndiyo sababu madaktari wengi huanza kwa kutaja titaniamu. Wana ushahidi mrefu mkononi.

Kauri nayo si mgeni wa jana. Katika miaka ya 1960 na 1970 wataalamu wa Uswisi na Ujerumani walijaribu vipandikizi vya kauri iliyotokana na alumini. Rangi ilipendeza, lakini vilivunjika mara nyingi mno, vikaachwa. Zirkonia ni kauri nyengine, imara kuliko ile, na ndiyo iliyolirudisha wazo hili katika miongo hii ya karibuni.

Vyote viwili vimo ndani ya mchanga wa Kwale

Sisi Wapwani tuna sababu ya kuyajua madini haya. Tangu shehena ya kwanza ilipopakiwa Likoni mwezi wa Februari 2014 hadi uchimbaji ulipokoma Desemba 2024, kampuni ya Base Titanium ilikuwa ikichekecha mchanga wa Kwale na kutoa madini ya aina tatu. Ilmenaiti na rutaili ndiyo asili ya titaniamu. Zirkoni ndiyo asili ya zirkonia. Sisemi kuwa jino la mtu limetoka Maumba au Nguluku. Sehemu kubwa ya madini ya titaniamu duniani huishia kwenye rangi nyeupe za ukuta, na zirkoni nyingi huishia kwenye vigae na masinki. Ninachosema ni kuwa vitu hivi viwili, ambavyo watu huvifanya kama paka na panya, vilichimbwa katika shimo moja.

Na undugu wao hauishii shimoni. Zirkoniamu yenyewe ni metali. Ikiungana na oksijeni hugeuka zirkonia, unga mweupe usiopitisha umeme wala kula kutu. Titaniamu nayo ikikutana na hewa hujivika papo hapo ngozi ya oksidi, nyembamba mno kuonekana kwa macho, na ngozi hiyo ikikwaruzwa hujirudisha yenyewe. Kwa hivyo mfupa wako haugusani na titaniamu tupu. Wagusana na oksidi ya titaniamu, kama vile kwenye kauri unavyogusana na oksidi ya zirkoniamu.

Nafikiri lugha yetu imechangia hofu hii. Kwetu sisi msumari ni chuma, nondo ni chuma, na hata titaniamu twaiita chuma. Kila mtu wa mwambao ajua chumvi ya bahari inavyokifanya chuma: nondo hufura hadi saruji ikapasuka, bati likawa kama chekecheo, kitasa kikagoma kufunguka. Mtu akisikia kuwa chuma kitakaa kwenye mate usiku na mchana, akili yake yaenda kwenye kutu. Lakini titaniamu si chuma hicho. Ni metali inayotumiwa kwenye mitambo ya maji ya bahari kwa sababu maji hayo hayaiwezi.

Sababu zenye uzito za kutaka kauri

Nisieleweke vibaya. Watu wanaoomba kauri si wajinga, na baadhi ya sababu zao ni za kweli kabisa.

Ya kwanza ni rangi. Titaniamu ni ya kijivu. Kwa mtu mwenye ufizi mwembamba, hasa kwenye meno ya mbele ya juu, kijivu hicho chaweza kuonekana kama kivuli chini ya ufizi. Ufizi ukishuka baada ya miaka, ukingo wa metali waweza kuchungulia. Zirkonia ni nyeupe, hivyo hata ufizi ukishuka hakuna mstari mweusi. Kwa bibi harusi, mwalimu au mtu yeyote ambaye riziki yake yapitia kwenye tabasamu, hilo si jambo dogo.

Ya pili ni mzio. Hapa yafaa tutenganishe mambo. Mzio wa nikeli ni wa kawaida. Utamjua mtu kwa hereni za bei rahisi zinazomtia upele masikioni, au bakoli ya mshipi inayomuwasha tumboni. Mzio wa titaniamu ni nadra sana. Utafiti mmoja wa Hispania uliochapishwa mwaka 2008 uliwaangalia wagonjwa 1,500 wa vipandikizi na kukuta 9 walioonyesha dalili za mzio huo, yaani 0.6 kwa mia. Ni wachache, lakini wapo, na mtu mwenye historia nzito ya mizio ana haki ya kulizungumza na daktari kabla ya kutobolewa.

Kuna mtego hapa ambao watu wa maabara twaujua na wagonjwa hawaambiwi. Kofia nyingi za kauri zinazoonekana nyeupe zina kikombe cha metali ndani yake, na zile za bei nafuu kikombe hicho hutengenezwa kwa nikeli na kromiamu. Mtu aweza kulipia mzizi wa kauri kwa sababu ya mzio, halafu akafungiwa kofia yenye nikeli juu yake. Ukikimbia metali, uliza habari ya sehemu zote tatu.

Ya tatu ni chembe. Wataalamu wamekuta chembechembe ndogo za titaniamu katika nyama iliyo karibu na vipandikizi, na zaidi pale penye uvimbe. Je, chembe hizo ndizo zinazoleta uvimbe, au uvimbe ndio unaozibandua chembe? Mjadala huo haujafungwa. Kwa upande wa kauri, baadhi ya tafiti zimeonyesha kuwa uchafu wenye vijidudu hushika kidogo zaidi kwenye zirkonia laini kuliko kwenye titaniamu, na ufizi hukaa vizuri karibu na zirkonia. Hiyo ni faida, ingawa kauri nayo hushikwa na ugonjwa ikiachwa chafu.

Ya nne ni ile hofu iliyoazimwa kutoka kwengine. Wazee wetu walizibwa meno kwa amalgamu, ile dawa ya rangi ya fedha ambayo karibu nusu yake ni zebaki. Dunia yaiacha polepole. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulizitaka nchi kupunguza matumizi yake, na Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwa sehemu kubwa tangu Januari 1, 2025. Watu wamesikia haya wakahitimisha kuwa kila metali ya kinywani ni sumu. Lakini titaniamu haina zebaki hata chembe. Kosa la amalgamu halifai kubebeshwa mwengine.

Wengine huuliza habari ya mashine. Titaniamu haivutwi na sumaku, kwa hivyo mwenye kipandikizi aweza kuingia kwenye kipimo cha MRI, mradi awaarifu wahudumu. Huenda picha ya sehemu za karibu na kinywa ikawa na ukungu kidogo, na kauri hupunguza ukungu huo. Na kwa wanaojiandaa na Umra au Hija, kipande kidogo kama hicho kwa kawaida hakipigi kelele kwenye lango la ukaguzi uwanjani.

Kauri nayo ina masharti yake

Zirkonia huja kwangu ikiwa laini kama chaki. Mashine huichonga ikiwa kubwa kuliko jino linalotakiwa, kisha huingia ndani ya tanuri la nyuzi 1,500 hivi za Selsiasi. Hutoka imesinyaa kwa kiasi cha asilimia 20 na kuwa ngumu hata nikitaka kuirekebisha lazima nitumie kijembe cha almasi.

Siri ya nguvu zake ni hii. Punje zake hushikiliwa katika umbo moja kwa kuchanganywa na oksidi kidogo ya yitriamu, kama abiria waliobanana ndani ya matatu. Ufa ukianza, punje zilizo karibu na ncha yake hupata nafasi, hutanuka kiasi cha asilimia 4, na kuubana ule ufa usiendelee. Watafiti walipoieleza tabia hii katika jarida la Nature mwaka 1975, waliifananisha kauri hii na chuma cha pua.

Hata hivyo yabaki kuwa kauri. Titaniamu ikizidiwa hupinda kwanza, na kauri ikizidiwa huvunjika. Kipandikizi kikivunjika ndani ya mfupa, kukitoa ni kazi ya kuchimba, na mfupa hupotea nacho. Ndiyo sababu madaktari husita kutumia vipandikizi vyembamba vya kauri, au kumwekea mtu anayesaga meno usingizini. Ubora wa kiwandani nao ni muhimu sana. Mwaka 2001 vichwa vya nyonga bandia vilivyotengenezwa kwa zirkonia viliondolewa sokoni baada ya baadhi yao kuvunjika mapema, na chanzo kilikuwa mabadiliko katika tanuri la kuchomea. Kauri ilikuwa ile ile, ila uchomaji ulikuwa mwengine.

Sharti jengine ni umbo. Vipandikizi vingi vya kauri, hasa vya mwanzo, ni kipande kimoja, mzizi na kiunganishi pamoja. Hakuna mwanya wa kuhifadhi vijidudu, na hilo ni zuri. Lakini kichwa chake hubaki kimechomoza kinywani tangu siku ya kwanza, wakati mfupa haujashika. Ukikitafunia mifupa ya samaki au ukakisukuma kwa ulimi kila saa, chaweza kulegea. Na daktari akikiingiza kikaenda upande, mimi fundi siwezi kubadilisha kiunganishi ili kuinyoosha kofia. Vipo sasa vya vipande viwili, lakini aina na vipimo vyake ni vichache kuliko vya titaniamu.

Halafu ni ushahidi wa muda. Titaniamu ina rekodi za miaka kumi, ishirini na zaidi, na baada ya miaka kumi zaidi ya vipandikizi 9 kati ya 10 huwa bado vimesimama. Zirkonia ya kisasa ina matokeo mazuri kwa miaka michache ya mwanzo, yasiyo mbali na ya titaniamu, lakini haijakaa vinywani kwa muda huo mrefu. Mtu wa miaka 30 anayetaka mzizi wa kumfikisha uzeeni apime hilo. Na bei ya kauri kwa kawaida huwa juu zaidi.

Dhahabu, nguruwe na maswali ya dini

Kwa kuwa wengi wetu ni Waislamu, maswali ya dini hayakosi. Hapa pwani wazee wengi walikuwa na jino la dhahabu, na vijana huuliza kama titaniamu nayo ina utata kwa wanaume. Dhahabu ndiyo iliyokatazwa wanaume kujipambia, na titaniamu si dhahabu. Na hata dhahabu yenyewe ina nafasi yake penye haja. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, sahaba Arfaja bin As'ad alikatwa pua katika vita vya Kulab, zama za Jahiliya. Akatengeneza pua ya fedha, ikamnukia vibaya, na Mtume (SAW) akamwamuru atumie ya dhahabu. Maulamaa wameitumia hadithi hii katika kuzungumzia meno. Mimi kama fundi naona ndani yake jambo la kazi yangu pia: fedha hubadilika ikikaa na majimaji ya mwili, na dhahabu haibadiliki. Jambo la kuangalia ni metali ipi na yafanya nini mwilini.

Lakini kuna swali la dini lililo zito kuliko hilo, na watu hawaliulizi. Mfupa wa taya ukiwa haba, daktari huongeza unga wa mfupa na kuufunika kwa utando. Unga huo waweza kutoka kwa mgonjwa mwenyewe, kwa ng'ombe, au ukatengenezwa kiwandani bila mnyama. Utando unaotumiwa sana hutengenezwa kwa ngozi au nyama za nguruwe, na upo wa ng'ombe pia. Nimewaona watu waliopigania wiki nzima mzizi usiwe wa titaniamu, na hawakuuliza utando ulitoka kwa mnyama gani. Muulize daktari kabla ya siku ya kazi, si ukiwa umelala kwenye kiti, na ukiwa na shaka juu ya hukumu yake muulize sheikh unayemwamini. Daktari mzuri hatachukizwa, na mara nyingi anaweza kuagiza wa aina nyengine.

Alichoamua khalati

Khalati yangu, mwenye miaka 61, alipoteza jino moja la mbele la juu na magego mawili ya chini. Daktari alipomtajia titaniamu alikataa katakata. "Mwanangu," aliniambia, "niliumbwa sina chuma, na nitarudi kwa Mola wangu sina chuma."

Sikubishana naye. Mwili ni amana yake, na mtu kutaka au kutotaka kitu ndani ya mwili wake ni sababu tosha, hata kama maabara haiwezi kuipima. Nilimuuliza jambo moja tu: "Khalati, kile kipimo cha sukari cha miezi mitatu kilikuwa ngapi?"

"Tisa na kitu," akasema, kama mtu anayetaja nambari ya nyumba.

Hapo ndipo hatari yake ilipokuwa. Sukari ikiwa juu, kidonda hakifungi vizuri, vijidudu hupata karamu, na mfupa husita kushika. Madaktari wengi hupenda kipimo hicho kiwe chini ya 8, na ikiwezekana karibu na 7, kabla ya kumtoboa mtu. Kauri au titaniamu, kwa sukari ya tisa na kitu angeweza kupoteza vyote viwili pamoja na pesa zake.

Ilimchukua miezi saba. Alipunguza mahamri ya asubuhi, akaanza kutembea baada ya alfajiri, na daktari wake wa sukari akambadilishia dawa. Ramadhani ilikuwa yakaribia, kwa hivyo waliahirisha hadi baada ya Idi ili asilazimike kufunga akiwa na kidonda na vidonge vya kumeza mchana. Mwishowe alipandikiziwa kauri kwenye lile jino moja la mbele, mahali ambapo ufizi wake ni mwembamba na nguvu ya kutafuna si kubwa. Kwa magego alichagua meno ya kuvaa, kwa sababu mfupa wa nyuma ulikuwa umepungua na gharama ya kuujaza ilimshinda. Kwake yeye yalikuwa maamuzi mazuri, ingawa mtu mwengine mwenye taya nyengine huenda angefanya kinyume na akawa sahihi.

Yanayong'oa vipandikizi

Kwa miaka yote ya kazi hii, vipandikizi ninavyosikia vimeng'oka havikung'oka kwa sababu ya kuwa chuma au kauri. Kuna sigara na shisha, ambazo hubana mishipa ya damu ya ufizi. Kuna ugoro na kuberi, unaowekwa pale pale penye kidonda. Kuna muguka unaotafunwa toka adhuhuri hadi usiku kwa chingamu na soda. Kuna ugonjwa wa fizi uliokuwepo kabla na haukutibiwa, ukahamia kwenye mzizi mpya. Na kuna uchafu wa kila siku, kwani kipandikizi hakiozi kama jino, lakini mfupa unaokizunguka huliwa na usaha kimya kimya, bila maumivu, hadi siku kitakapotikisika.

Mswaki wa mti ni sunna na unasafisha, ila haufiki katikati ya kofia na ufizi. Huko kwataka uzi wa meno au vile vibrashi vidogo, kila usiku. Na mara moja au mbili kwa mwaka urudi kliniki kuangaliwa, hata kama huumwi.

Maswali ya kwenda nayo kwa daktari

Kwanza hakikisha yeye ni daktari wa meno kweli. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, yaani KMPDC, lina daftari ambalo mtu yeyote aweza kuliangalia mtandaoni. Kisha muulize amewahi kuweka vipandikizi vingapi vya aina unayoitaka, na vilivyofeli alivifanyaje. Mkono uliozoea titaniamu si lazima uwe umezoea kauri, kwani uingizaji wake una utaratibu wake.

Muulize mzizi ni wa nini, kiunganishi ni cha nini, na ndani ya kofia mna nini. Muulize kama utahitaji unga wa mfupa na utando, na asili yake. Mwambie dawa zako zote, hasa za sukari, za kuyeyusha damu na zile za kuimarisha mifupa, na kama umewahi kupigwa miale ya saratani kichwani au shingoni. Akwambie bei nzima, tangu picha ya kwanza hadi kofia ya mwisho, maana wengi huambiwa bei ya mzizi peke yake wakajikuta kofia haimo.

Mwisho, omba kadi yenye jina la kipandikizi, kipimo chake na nambari yake ya kiwandani. Hili ni muhimu zaidi kwa wanaotibiwa ng'ambo. Kila kampuni ina bisibisi zake na viunganishi vyake. Huletwa kwetu wagonjwa ambao kofia zimelegea na hakuna anayejua ni vya kampuni gani. Kazi ya dakika kumi hugeuka ya miezi kwa kukosa karatasi ndogo.

Maoni yangu ni haya. Mwenye ufizi mwembamba mbele, mwenye historia ya mizio mikali, au mwenye moyo usiotulia na metali, kauri ni chaguo la heshima, mradi apate mkono uliozoea na akubali masharti yake. Asiye na hayo, titaniamu haimtii kutu wala sumu, na hana haja ya kuuza pete za harusi ili aikimbie. Na kama huna uwezo wa vyote viwili, daraja zuri au meno ya kuvaa yaliyokaa sawasawa si aibu. Nayatengeneza kila siku, na watu wanakula nayo pweza wa nazi bila taabu.